Siku Nne za Maji Mafu

Kwetu siku nzuri kuliko zote zilikuwa siku za maji mafu. Mama yangu alilima mwani pwani ya mashariki ya Unguja, na mwani haulimwi kila siku. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na kutoka sana. Hiyo ndiyo bamvua, na wanawake hushuka mbali kufunga kamba zao mpaka viuno viwaume. Kati ya bamvua moja na nyingine bahari hushikwa na uvivu: kujaa haijai sana, kutoka haitoki sana. Hayo ndiyo maji mafu. Siku hizo mama alikuwa wetu. Alisuka nywele, alifua mikeka, alikwenda harusini, na sisi watoto tulikula chakula cha moto mchana. Nilikua nikilipenda neno hilo, na sikuwahi kuwaza kwamba ndani yake kuna kifo.

Nalieleza mapema kwa sababu siku moja nililitafsiri, huko Dubai, na nusura limfukuzishe kazi mtu niliyelala naye chumba kimoja.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili na kumi, kabla mfereji mpya haujalifungulia hori mlango wa pili wa kutokea baharini. Wenyeji wanaliita khor, sisi tunasema hori, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na sina shaka ni neno lilelile lililovuka maji. Wakati huo lilikuwa na mdomo mmoja tu, kule Shindagha, na kichwa chake kilikuwa mbali ndani ya nchi, kwenye kina kifupi wanakosimama ndege heroe kwa mguu mmoja. Hori lilikuwa linaumwa. Kila kitu cha mji kilikuwa kinaishia humo: mafuta ya vyombo, mbolea ya bustani, vumbi la barabara mvua ikinyesha mara zake chache, na yale maji ya ziada ya mtambo wa maji taka, yaliyosafishwa ila hayana pa kwenda majira ya baridi bustani zikishiba. Kulikuwa na mpango mkubwa wa kuliponya. Katika mpango huo mkubwa mimi nilikuwa mtu wa chupa.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Tulikuwa na boti ndogo na vituo tisa, kutoka mdomoni hadi kichwani. Kila kituo nateremsha sahani yenye rangi nyeusi na nyeupe kwa kamba, naangalia inapotelea kina gani. Nazamisha kipimo cha oksijeni, nasoma namba. Najaza chupa, nafunika, naitia kwenye boksi la barafu. Kisha naandika kwenye fomu, na mwisho wa fomu palikuwa na mstari wa maoni. Mstari ule niliupenda. Wakala wa Dar aliponiuliza kama najua Kiingereza, nilimjibu kizuri sana, na nilimjibu kwa Kiswahili. Akacheka, akaandika ndiyo. Tangu hapo nilikuwa naishi na ile ndiyo shingoni, na kila sentensi niliyoiandika bila kosa ilinipunguzia uzito.

Boti iliendeshwa na nahodha, mwenyeji mstaafu aliyekulia hapohapo, mtu wa maneno machache. Zipo siku aliamka akakataa kutoka. Aliyatazama maji ya gatini, akatikisa kichwa, akasema, "Fasad. Fasad." Mimi nilidhani anailaumu ofisi. Nilijisemea, kumbe hata huku kuna mafisadi, na nikamwitikia kwa moyo wote, "Kweli kabisa, baba." Naye akaniangalia kama mtu aliyepata mwenzake.

Mtu niliyelala naye chumba kimoja alikuwa mlinzi, Mganda wa Masaka. Tuliishi International City, wanane katika chumba, vitanda vya ghorofa. Yeye chini, mimi juu yake. Alikuwa mrefu, Mkristo wa kuombea hata chai. Alilinda geti la jengo lililokuwa likijengwa Al Jaddaf, ukuta mmoja na gati letu. Walikuwa wanachimba msingi, na msingi ukichimbwa kando ya hori maji huibuka kutoka chini. Waliyavuta kwa pampu, wakayapitisha kwenye tangi yatulie, kisha yakatoka kwa bomba kurudi horini. Mwenzangu alipewa daftari. Kila pampu ikiwashwa aende bombani, ayatazame maji, aandike saa na hali yake. Daftari hilo alilitunza kuliko pasipoti.

Kiswahili chake alikiokota kwa askari na ngeli zote alizitupa njiani. "Maji iko safi," aliniambia akipita uzio, nami nikamrekebisha, "Yako safi," naye akanijibu, "Yako au yangu, iko safi tu." Kiingereza chake ndicho kilikuwa kimenyooka, nacho alikisema taratibu kama mwalimu. Alinitania, "Wewe Kiswahili yako ni asali, lakini Kiingereza yako inachechemea." Nilicheka, ila iliniuma. Mimi ni mtu wa kuumwa haraka.

Kila jioni alipiga pasi shati la kesho. Aliiweka meza ya pasi mbele ya vitanda, akatugeukia, akapiga huku akisimulia ya getini, na shati halikutoka mikononi mwake mpaka mikono yote miwili imepata mstari. Visa yake ilibaki mwezi mmoja ihuishwe. Ikihuishwa apate likizo akamwone mtoto wake wa kike, aliyezaliwa baada ya yeye kuondoka na ambaye sasa alikuwa anajua kutembea. Picha yake aliibandika kwenye chuma cha kitanda changu kwa chini, ili akilala aitazame. Mtoto yule na mimi tulitenganishwa na godoro langu.

Basi ikafika Jumapili moja ya mwisho wa mwezi. Ripoti ilikuwa inatakiwa, na bosi wetu, madam wa kutoka Amman, alisema boti itoke leo. Nahodha akasema fasad. Madam hakuwepo gatini kumsikia. Tukatoka.

Tulikwenda vizuri hadi kituo cha saba. Cha nane tulifika tukivuta tope kwa injini. Kipimo kikanipa namba ndogo ya oksijeni, ndogo kuliko zote nilizowahi kuona. Nikakigonga, nikakizamisha tena, namba ileile. Nikajua kimechoka. Kituo cha tisa hatukukifika, maana kina hakikuwepo. Bahari ilikuwa katika ule uvivu wake, nami niliutambua mara moja, nikamkumbuka mama na mikeka yake. Ilinipasa nieleze kwenye maoni kwa nini tumeacha kituo. Nikatafsiri neno la mama kama lilivyo, neno kwa neno: "Dead water. Cannot reach station nine." Sentensi mbili, bila kosa hata moja. Nilizisoma tena njiani kurudi, nikajipongeza.

Jumatano niliporudi nyumbani nilimkuta mwenzangu amenitangulia, jambo ambalo halijapata kutokea. Ameketi kitandani na sare yake, kofia magotini.

"Wamenisimamisha," akasema.

"Kwa nini?"

"Ofisi ya maji wameandikia kampuni barua. Wanasema karibu na bomba yetu maji imekufa. Kitabu yangu inasema iko safi. Sasa mimi ni mwongo. Wataamua Jumatatu, na wakiamua ni mwongo, ni visa khalas, ni ndege." Akanitazama. "Ndugu yangu, wewe uko na hao watu kwenye boti. Maji inakufa namna gani?"

Nilijua palepale. Ofisini walikuwa wameweka namba yangu ndogo kando ya maneno yangu, wakawaza samaki wanaoelea, wakatafuta bomba lililo karibu. Wala hawakukosea kusoma. Mimi ndiye niliyekosea kuandika.

Nikasema, "Sijui. Labda maabara."

Hayo ndiyo niliyosema. Alifikiri fomu zinajazwa na mainjinia. Kwake mimi nilikuwa mtu wa kamba na barafu, nami nikamwacha afikiri hivyo.

Alhamisi nilikutana na madam uso kwa uso kwenye korido. Alinisifu. Alisema maoni yangu yamesaidia. Nilikuwa bado katika miezi ya majaribio, na ningemwambia nini? Kwamba mtu wake wa maoni hajui maji ya namna ile yanaitwaje kwa Kiingereza? Kwamba ile ndiyo ya Dar ilikuwa ya mdomoni tu? Nikasema asante, madam. Ijumaa na Jumamosi ofisi ilifungwa, na nikaishukuru kwa kufungwa.

Siku hizo zote mwenzangu aliendelea kupiga pasi. Alasiri ikipita anaitoa meza, anatugeukia kama kawaida, anapiga shati ambalo hakuna mtu aliyemwambia alivae. Analitundika. Kesho yake analishusha, analinyunyizia maji, analipiga tena. Hakusimulia kitu, maana ya getini hakuwa nayo. Mimi nilijilaza juu na simu usoni, nikijifanya nasoma. Wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko nguo, na nilikuwa namtazama akinyoosha kola.

Jumamosi jioni alimaliza kupiga pasi, akanipa karatasi. Alikuwa ameandika barua ya kujitetea, kwa kile Kiingereza chake, na akataka niitie sahihi kama shahidi, kwamba nimeyaona maji ya bomba lao na ni meupe. Hilo lilikuwa kweli. Nilianza kuisoma. Katikati kulikuwa na sentensi ambayo naikumbuka mpaka leo: simjui aliyeandika kwamba maji yamekufa, lakini naamini ni mtu mwadilifu aliyepotoshwa, na naomba aje aone kwa macho yake.

Mtu mwadilifu. Nikatia sahihi, kisha nikaingia bafuni nikafungua bomba ili wenzangu wasisikie. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na hasira yote ilikuwa yangu mwenyewe juu yangu mwenyewe.

Jumapili asubuhi niliingia kwa madam kabla hajakaa. Nilimwambia kila kitu, kwa Kiingereza changu kinachochechemea. Nilimwambia kwetu maji yakiwa hayajai sana wala hayatoki sana tunasema yamekufa, na kwamba hayajafa, yamepumzika tu. Alinisikiliza akiwa amekunja uso. Yeye ni mtu wa mji wa vilima, bahari kwake ni ripoti. Hakunielewa, au hakuniamini. Alidhani namtetea rafiki.

"Nani mwingine anajua habari hii?" akauliza.

Nikamkimbilia nahodha gatini. Nilimwonyesha kwa mikono: mwezi nusu, maji kidogo, boti tope, Jumapili iliyopita. Akaelewa mara moja. Nikamleta hadi ofisini na viatu vyake vya tope, nikamwomba amwambie madam siku ile maji yalikuwa ya namna gani.

Nahodha akavuta pumzi, akasema, "Fasad."

Madam akasimama. Katika Kiarabu cha kwao, kama katika Kiswahili chetu, neno hilo lina rushwa ndani yake, na uozo. Akauliza nani kahongwa. Nahodha akashangaa, akasema bahari. Madam akauliza bahari imehongwa na nani? Nami hapo katikati nikapigwa na mwanga: miezi yote ile nahodha hakuwa akiilaumu ofisi. Alikuwa akinitajia maji mafu, kwa neno la mabaharia wa kwao. Nikaanza kucheka, kicheko kibaya cha mtu aliyekesha siku nne, na nahodha naye akacheka bila kujua sababu. Madam akatutazama kama wendawazimu wawili.

Ilituchukua kalamu na karatasi. Nahodha akachora mwezi, mimi nikachora mistari ya maji kujaa na kutoka, mirefu kwa bamvua, mifupi kwa mafu. Madam akafungua jedwali la maji kwenye kompyuta, akalipitia na tarehe zetu za safari. Safari zetu zote, isipokuwa hiyo moja, zilikuwa za bamvua, kwa sababu nahodha hakukubali kutoka siku nyingine yoyote. Siku za bamvua bahari inaingia kwa nguvu na kuliosha hori. Tulikuwa tunampima mgonjwa siku anazoamka vizuri tu.

"Kwenu yamekufa," madam akasema taratibu, "na kwao yameoza. Na hakuna aliyejiuliza kwa nini?"

Mama hakuwahi kujiuliza. Kwake zilikuwa siku za kupumzika, na maji ya kwetu ni bahari wazi, hayana pa kuozea.

Aliandika barua palepale, akasema maoni ya fomu yalihusu kina cha maji wala si bomba la mtu yeyote. Jumanne mwenzangu alirudi getini. Mimi sikufukuzwa. Madam alisema tu kwamba siku nyingine nisipojua neno niulize, na alilisema polepole, ndipo nikajua ile ndiyo ya Dar haikumdanganya hata siku moja.

Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, tulitoka alfajiri. Kituo cha tisa boti haikufika, kwa hiyo nilishuka na kutembea, tope likinifika mapajani, chupa na kipimo begani, kama mama na kamba zake. Heroe waliniona wakasogea kidogo, bila haraka. Kila hatua ilitoa harufu ya yai viza. Nilizamisha kipimo, na namba iliyotokea ilikuwa ndogo kuliko ile ya kituo cha nane niliyoidhani ya kipimo kibovu. Chini kule hewa ilikuwa karibu hakuna. Nilisimama nikiyatazama maji. Juu yalikuwa yametulia, mazuri, na ndege wamejiona humo. Neno nililoliandika kwa ujinga lilikuwa kweli. Halikuwa kweli bombani kwa mwenzangu, lakini huku kichwani lilikuwa kweli tupu.

Tangu hapo fomu ilipata kisanduku cha hali ya maji, na tulipima mara mbili kwa mwezi, bamvua na mafu. Waliojua zaidi yangu wakaanza kuyazuia yale maji ya ziada kwenye mabwawa siku za mafu, wakiyafungulia bamvua bahari iyachukue, na wakaweka mashine za kupulizia hewa kule ndani. Si muujiza. Kulikuwa na wiki mbaya, na kulikuwa na joto la Agosti ambalo haliponywi na mtu. Lakini namba zilianza kupanda kidogo kidogo, na msimu mmoja niliona vidagaa kituo cha nane, vingi, vikikimbia kivuli cha boti. Nilifurahi kupita kiasi kwa vitu visivyotosha kitoweo.

Nimekimbilia maji, nimemwacha mtu.

Ijumaa ile baada ya kurudishwa kazini, mwenzangu alipika matoke. Alizitafuta ndizi Deira nzima. Alinikalisha, akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa ajili ya ndugu yake aliyekwenda kwa wakubwa kusema ukweli. Alikuwa amesikia kwa watu wa kampuni kwamba mtu wa boti alimtetea. Nilisubiri amalize nimwambie. Akamaliza, akasema amina, akanipakulia. Matoke yalikuwa laini, na karanga. Nilikula. Nilirudia.

Alikwenda likizo, akarudi na picha ya mtoto akiwa mgongoni mwake. Mwezi baada ya mwezi nilijiambia leo. Kisha madam akatupa karatasi yenye mchoro wa mwaka mzima, mstari unapanda, na jina la kila mtu wa boti chini yake. Niliipeleka nyumbani. Niliona kwamba habari njema italainisha ile mbaya. Nilimkuta mwenzangu peke yake, ametoa meza ya pasi, ametugeukia, yaani amevigeukia vitanda vitupu.

Nikamwonyesha mchoro. Akaufurahia kwa dhati. Ndipo nikamwambia kwamba aliyeandika maji yamekufa ni mimi. Nikamweleza neno la mama, bamvua na mafu, na tafsiri yangu. Alicheka mpaka akaiweka pasi pembeni.

"Banange! Si nilikuambia Kiingereza yako inachechemea?" Akafuta machozi. "Ile neno nimekusamehe. Ni neno ya mama yako, haina makosa."

Mzigo ukanitoka, nikacheka naye. Kisha akauliza, bado akitabasamu, "Ulijua lini?"

Ningeweza kudanganya. "Jumatano," nikasema. "Ulipokuwa umeketi na kofia."

Akahesabu. Nilimwona akihesabu. Tabasamu lilikaa usoni kidogo baada ya yeye kuondoka ndani yake.

"Ile siku nne nilikuwa napiga pasi," akasema. "Wewe ulikuwa hapo juu unaniangalia."

"Nisamehe, kaka."

Aliichukua meza ya pasi, akaigeuza ikatazama ukuta, akarudi kwenye shati lake.

Tuliishi chumba hicho mwaka mwingine mzima. Tulisalimiana, tulikula sahani moja, tulitaniana kuhusu ngeli. Pasi alipiga akinipa mgongo.